Matobo Saba Yaliyopinda

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini, maana anayeuliza tarehe ya hadithi ana lake jambo, palikuwa na mji wa nyumba za mawe mwambao huu, na ndani ya mji huo palikuwa na kijana akiitwa Shebwana. Sogeeni. Nawe uliyeegemea ukuta, usinitazame hivyo, nakujua. Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, na kila mara hutokea mmoja akanijibu kabla sijamaliza. Leo nitamwona.

Shebwana alikuwa mchonga milango. Baba yake alikufa yeye angali mdogo, akalelewa na mama yake, Bi Rukia, na kazi akafundishwa na ami yake, Mzee Famau. Alikuwa mpole, mzuri wa sura, ila kichwa chake kikubwa. Simsengenyi, mji mzima ulijua. Kofia za dukani zilimkaa juu ya utosi kama kikombe juu ya boga.

Mzee Famau alikuwa na binti, Zeituni. Walikua pamoja na Shebwana kwenye karakana ya mzee, wakicheza na vumbi la mbao. Shebwana alimjua Zeituni akiwa na makamasi, akiwa na surua, akimng'ata mkono kwa sababu ya kipande cha andazi. Kisha Zeituni akawa mwari, akatiwa ndani kama desturi ya mji ule, na tangu hapo Shebwana akawa anaisikia sauti yake tu, nyuma ya pazia, akimwita baba yake aje kula.

Wazee wakakata shauri waoane. Harusi ikapangwa Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Shebwana aliulizwa? Aliulizwa. Alijibu nini? Alijibu, "Mtakavyo, ami."

Haya, nyinyi mnalionaje jibu hilo? Mimi mwanamume akiniambia "mtakavyo," naufunga mlango kwa komeo. Na Zeituni alikuwa nyuma ya pazia, akalisikia. Alikuwa anampenda Shebwana tangu siku za vumbi la mbao, anampenda vibaya sana, na neno lile likamchoma. Akajiuliza: huyu ananitaka, au anamtii baba yangu?

Shaka ikaingia. Na shaka ikishaingia ndani ya nyumba haikai ukumbini, inakwenda moja kwa moja hadi chumbani.

Sasa niwaambie desturi ya mji ule, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Wanawake wa pale walishona kofia za mkono. Kitambaa cheupe, matobo madogo mamia kwa mamia, na kila tobo likazungushiwa uzi wa hariri mpaka likawa kijicho. Kofia moja ilichukua miezi minne. Kwa hiyo mwanamke hakumshonea mwanamume hivi hivi tu. Alimshonea baba, mume, mwana, au yule aliyekuwa moyoni na mdomo hauwezi kumtaja. Na washonaji walijuana mikono. Ukimwonyesha mmoja kofia, atakwambia imeshonwa na nani, kama wewe unavyoijua sauti ya jirani yako. Ila kofia ikiwa imetumwa kwa siri, mshonaji mwenzake hasemi. Ni aibu kumsema.

Basi siku ya ishirini na saba ya Ramadhani, Shebwana akirudi kazini, mama yake akamtolea kifurushi.

"Nimekikuta barazani," akasema Bi Rukia. "Kimefungwa kwenye leso. Sijui cha nani."

Amekikuta. Haya. Tumesikia.

Shebwana akafungua. Kofia. Nyeupe, imeshonwa mpaka inang'aa. Akaivaa. Ikamkaa! Ilishuka mpaka juu ya masikio ikatulia, haikubana, haikupwaya. Kijana akaogopa. Tangu azaliwe hajapata kofia ya kumkaa.

"Mama, nani kanipima kichwa?"

"Nitajuaje mimi?"

Akaivua upesi, akaipindua ndani nje, akatafuta kama kuna hirizi. Akainusa. Akaipapasa pindo lote. Hakuona dawa wala maandishi. Aliona kitu kimoja tu: karibu na sikio la kushoto, matobo saba yamepinda. Mamia yote mengine yamenyooka, haya saba kama yameshonwa na mtu mwingine, uzi umelegea, duara si duara.

Angekuwa mtu mwenye akili zake angesema, hapa pamekosewa. Lakini Shebwana alikuwa na miaka ishirini. Akayatazama yale matobo saba akasema, "Hapa alikuwa analia."

Ikawa ndiyo basi. Tangu saa ile akaanza kumtengeneza. Alimtengeneza kama anavyochonga mlango, leo jicho, kesho nyusi. Ni mwanamke mkimya. Ni mpole. Hajawahi kumng'ata mtu. Ana vidole vyembamba na macho ya majonzi, amempenda miaka mingi hakudiriki kusema, na usiku wa kuyashona yale saba machozi yalimziba macho. Kila asubuhi kabla ya kuivaa aliyabusu yale matobo saba, moja moja. Mama yake akamwona. Akanyamaza.

Na kadiri alivyompenda yule, ndivyo alivyomtilia shaka kila mwanamke wa kweli. Muuza mikate ya mofa akimwamkia kwa uchangamfu, Shebwana anamtazama vidole: siye, vinene. Msichana akicheka nyuma ya dirisha, anasimama: siye, yule wangu hacheki hivyo. Akipita kichochoroni akisikia mlango umefungwa ghafla, anadhani ni yeye. Akawa anatembea huku anageuka nyuma. Watu nao wakaanza kumshuku, kijana wa watu anachungulia nini madirishani kwa watu?

Jamani, siku ya Idd akapita chini ya dirisha la Zeituni na kofia kichwani, shingo kaiinua. Zeituni akamwona kupitia tundu za dirisha. Akacheka peke yake mpaka akakaa chini. Akasema, "Kajua!" Kumbe hakujua kitu.

Baada ya Idd, Shebwana akaichukua kofia akaenda kwa washonaji. Alipiga hodi mlango wa kwanza, kwa mama mmoja aliyeshona kwa miaka arobaini.

"Shikamoo. Mkono huu ni wa nani?"

Yule mama akaipokea, akaigeuza, akaona. Akatabasamu kidogo. "Mkono huu siujui, mwanangu."

Akapiga hodi mlango wa pili.

"Mkono huu ni wa nani?"

"Mkono huu siujui, mwanangu." Naye akaingia ndani, Shebwana akasikia vicheko vya wanawake.

Akapiga hodi mlango wa tatu, nyumba inayogusana ukuta na ya Mzee Famau. Hapo alikaa Mwanaesha, mwanamke wa miaka ishirini na minane, aliyeachwa na mume akarudi kwa wazazi wake, na wazazi wakafa. Shebwana aliwahi kumtengenezea mlango. Siku tatu alifanya kazi pale, akamwita dada, na hakumtazama usoni hata mara moja.

"Dada Mwanaesha, mkono huu ni wa nani?"

Mwanaesha akaishika kofia. Akaishika kwa muda mrefu. Mnaona? Wenzake waliigeuza, yeye hakuigeuza.

"Kwani unamtakia nini?" akauliza.

"Nataka kumuoa."

"Na Zeituni?"

"Zeituni ni ndugu yangu tu. Namjua kuliko ninavyojijua. Huyu..." akayagusa yale matobo saba, "huyu alilia hapa."

Mwanaesha akamrudishia kofia. "Mkono huu siujui," akasema. Na akabaki amesimama mlangoni mpaka kijana alipokata kona.

Zikabaki siku nne kwa harusi. Mchele umechambuliwa, ndugu wameshafika, Zeituni ametiwa hina. Alasiri moja Shebwana akaenda kwa ami yake, na mama yake akamfuata nyuma. Akavua viatu, akaketi, kofia kichwani.

"Ami, nisamehe. Siwezi kumuoa Zeituni."

Mzee Famau akaweka kikombe chini. "Ana kasoro gani mwanangu?"

"Hana kasoro. Kuna mwanamke mwingine."

"Nani?"

"Simjui."

"Humjui?"

"Simjui, lakini ananipenda kuliko mtu yeyote hapa duniani. Alinishonea hii. Wallahi, ami, simuoi mwanamke ila yule ambaye mkono wake ulishona kofia hii."

Ameapa. Mbele ya mama yake, mbele ya ami yake, na nyuma ya pazia kuna mtu. Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia, kavu kabisa.

"Shebwana. Kushoto, karibu na sikio. Kuna nini?"

Kijana akapeleka mkono kwenye kofia. "Umejuaje?"

"Nimekuuliza kuna nini."

"Kuna matobo saba yamepinda. Hapo alikuwa analia."

"Sikuwa nalia," akasema Zeituni. "Nilijichoma sindano, nikatukana, nikaitupa chini. Mimi kushona sijui, na wewe unajua sijui, tangu utotoni nguo za mwanasesere wangu alinishonea mama. Ulipokwenda kutawadha karakanani uliacha msumarini kitambaa unachojifunga kichwani kazini, fundo lake halijafunguliwa. Nikanyemelea, nikapima kwa uzi. Nikachora ua la kofia mimi mwenyewe. Nikaanza, nikashona saba, nikaona naharibu. Usiku nikampelekea Mwanaesha kwa mlango wa uani, aimalize."

Shebwana akaivua kofia. Aliishika kama mtu aliyepewa kitu cha moto.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka ubuni mwenyewe, bila kuambiwa. Nilisema, akinibuni, basi ananitaka mimi, si baba. Umebuni mji mzima, Shebwana. Umembuni muuza mofa. Mimi tu hukunibuni."

Lo! Hapo hata mimi, niliyeisimulia mara nyingi, namwonea huruma. Lakini msimhurumie upesi, maana mtego ni mtego hata ukitegwa na mtu anayependa. Nani alimwambia ampime mwanamume kwa fumbo, na harusi imeshapangwa?

Mzee Famau akamwita Mwanaesha kwa kupiga ukuta. Akaja, amejifunika, akakaa karibu na mlango kama mgeni. Mzee akamwuliza, ni kweli?

"Ni kweli. Aliniletea matobo saba na uzi wa kipimo, akaniambia nisiulize ya nani. Sikuuliza. Kichwa kikubwa namna ile hapa mjini kipo kimoja." Kisha akasema haraka, kama mtu anayetapika. "Nimeishona miezi minne. Alisema kuna mtu alilia. Mimi ndiye niliyelia. Nililia karibu kila siku, nikijua naishona ya mume wa mwenzangu. Lakini sikukosea hata tobo moja."

Wote wakainamisha macho. Hata Mzee Famau hakumtazama.

"Alipokuja mlangoni kwako kukuuliza," Zeituni akasema, "ungeweza kumwambia ni yangu."

"Ningeweza."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Kwa sababu siku tatu alinitengenezea mlango na hakunitazama. Siku ile alinitazama. Nikataka anitazame kidogo zaidi." Akainua mikono yake, vidole vimejaa alama za sindano. "Sasa kaapa. Mkono ulioshona ni huu. Mimi sikumwapisha."

Mnaona mambo hayo? Mpole yule, amekaa karibu na mlango, kumbe kiapo ameshakishika. Sisemi ana hila. Sisemi hana.

"Na wewe, Rukia," Mzee Famau akasema taratibu, "kifurushi ulikikuta barazani?"

Bi Rukia akarekebisha buibui lake. Alijua zamu yake itafika. "Nilikipokea kwa mkono wangu. Mwanaesha ndiye aliyekileta, na nikajua ni kazi ya mkono wake."

"Mama!" akasema Shebwana.

"Nyamaza, nasema. Mji huu mtoto wa kiume akioa anahamia kwa mkewe. Mimi nina nani? Baba yako amelala makaburini, ndani ya nyumba ile nina wewe na paka. Nikakuona unaibusu kofia kila asubuhi. Nikasema, mwanamume anayempenda mtu asiyekuwepo hahami nyumbani kwa mama yake. Ningekwambia ni ya Mwanaesha, ungeenda kwa Mwanaesha. Nikikwambia umuoe Zeituni, unakwenda kwa Zeituni. Nikanyamaza. Mlitaka nifanye nini?"

Akalia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Nami ndiye ninayemshuku kuliko wote, kwa sababu kilio cha kweli na hila ya kweli vinaweza kutoka kwenye mtu mmoja.

Sasa tazameni alipobaki Shebwana. Kofia i mapajani. Kushoto kwake pazia, na nyuma ya pazia mwanamke aliyemjua mpaka makamasi yake, na yale matobo saba aliyokuwa akiyabusu ni ya huyo. Kulia kwake mwanamke aliyemlilia miezi minne, na mamia yale mazuri ni ya huyo. Na yule wa vidole vyembamba na macho ya majonzi, asiyewahi kumng'ata mtu, hayupo popote. Alasiri ile ile ndipo alipokufa, wala hakuna wa kumzika. Shebwana akaanza kulia mbele ya wanawake wote watatu. Ajabu ni kwamba hakuna aliyejua anamlilia nani, hata yeye.

"Kalilie kwako," akasema Mzee Famau. "Hapa umeapa. Ijumaa baada ya sala ndoa itafungwa, watu wamealikwa, sitawarudisha. Na usiniambie utawaoa wote wawili, binti yangu hatiwi ukewenza. Ukimchukua Mwanaesha, umetimiza kiapo, na binti yangu umemwaibisha mbele ya mji mzima na hina mkononi. Ukimchukua Zeituni, utasema mkono wake pia ulishona, matobo saba, nami sitabisha. Ila huyu mwanamke wa miezi minne umwambie mwenyewe kwa kinywa chako, mbele yangu."

Mwanaesha alivificha vidole vyake ndani ya buibui.

Ndipo Zeituni akalivuta pazia. Mwari haonekani na wanaume kabla ya ndoa, lakini alitoka, akasimama katikati ya chumba mikono wazi ili hina isifutike. Shebwana alikuwa hajauona uso wake miaka sita. Alimtazama kama mtu anayemwona mgeni.

"Nakupenda," akasema Zeituni. "Nimekwisha sema, sina aibu tena. Na ningeweza kukwambia, mimi ndiye, yale saba ni yangu, nichukue. Ungenichukua. Kisha kila asubuhi ungenitazama ukimtafuta yule mwingine, na mimi ningemwonea wivu mwanamke ambaye ni mimi. Kwa hiyo nijibu jambo moja kabla ya Ijumaa. Asubuhi zile zote, ulipoyabusu matobo yale, ulimbusu nani?"

Shebwana akafungua mdomo. Akamtazama Zeituni. Akamtazama Mwanaesha. Akamtazama mama yake. Akaufunga mdomo.

Hapo ndipo hadithi iliponifikia, haikwenda mbele zaidi ya hapo, na anayekwambia anaujua mwisho wake muulize ameupata wapi. Usianze kujibu, wewe wa ukutani, nilisema nitakuona. Najua utasema Zeituni, kwa sababu ameongea vizuri, lakini ni yeye aliyetega. Na wewe bibi utasema Mwanaesha, kwa sababu nawe ulishawahi kutotazamwa, lakini ni yeye aliyeulizwa mlangoni akasema uongo. Kuna atakayesema kijana arudi tu kwa mama yake, na huyo nitamwuliza ana watoto wangapi wa kiume.

Je, nani alistahili kuolewa Ijumaa ile: mwenye matobo saba, au mwenye mamia? Na kama unasema Shebwana hakumstahili hata mmoja, basi inuka uende ukamwambie Zeituni. Amesimama katikati ya chumba, ametoka nje ya pazia mbele ya watu, na hina yake bado mbichi. Utamwambiaje?